Majina Kumi na Manne

Chumba cha nyuma, Katuba, nyumba isiyopakwa rangi,
nina simu mbili na majina kumi na manne.
Mimi ni Chantal wa Ruashi, muuza makayabu.
Mimi ni Mwalimu Kabulo, aliyestaafu na hajalipwa.
Mimi ni Papa Dieumerci, na msichana fulani
aliyeweka waridi mahali pa uso.
Sote tunampenda Namba Hamsini na Tatu.
Tunampenda kwa giga tano kwa wiki
na dola ishirini Jumamosi,
kama mhasibu hajasafiri.

Asubuhi Chantal anaandika: "Baba songa mbel, tuko nyma yako!"
(Chantal huruka herufi. Mwalimu haruki hata nukta.)
Najijibu: "Umesema kweli, dada yangu."
Najishukuru. Najicheka.
Bukari inapoa kwenye sahani
nikiwa bado napigiana makofi.

Jumanne tulifungua bomba.
Nyuma ya ukuta wa kanisa lori la maji lilinguruma,
mpira wake umezama ardhini kama nyoka mwenye aibu.
Mheshimiwa alikunja mikono ya shati, akakinga viganja,
akanywa.
Akanywa tena, jua lilikuwa limemkalia vibaya.
Akanywa mara ya tatu, huku anatazama mbali
kama mtu anayeiona kesho.
Nyuma yake, kwenye foleni, shangazi yangu Mama Numbi.

Kufika usiku, mioyo elfu kumi na mbili.
Lori lilikuwa limeondoka tangu saa nane.
Bomba lilikohoa, likatema hewa,
likanyamaza.

Nikampelekea Mama Numbi picha yake.
Akafuta mikono kwenye kitenge,
kitenge chenyewe kina uso wa Mheshimiwa
palepale anapokalia.
Akaishika simu kama yai.
"Huyu ni mimi? Nimezeeka hivi?"
Kisha, baada ya kimya:
"Na kidumu changu kiko wapi?"

Nikatazama. Kweli, mkono wake uliishia kwenye kiwiko.
Mtu wa picha alikata hapo, pembeni, pasafi.
"Kilikuwa kitupu, Mama."
"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa pale."

Sikulala.
Nikafungua jina la kumi na tano, la kwangu,
la kubatizwa, lenye picha ya siku ya diploma
na suti ya kuazima.
Nikaandika mstari mmoja, bila alama ya mshangao:
Bomba la Katuba limekauka tangu Jumanne saa nane.

Dakika hazikufika tano.
Simu ya pili ikatetemeka. Bosi:
"Nani huyo mjinga? Mshughulikieni. Wote."

Wote ni mimi.

Chantal akaanza: "umelpwa sh ngapi na wapinzani?"
Papa Dieumerci akaapa kwamba ameoga kwa maji yale
leo asubuhi, yeye na wajukuu sita.
Mwalimu Kabulo akanisahihisha sarufi.
Msichana wa waridi, sijui nilimtoa wapi,
akaniuliza kama mama yangu anajua
mwanawe anauza midomo.
Vidole vilikuwa vyangu.
Niliumia kila mara, kama simjui anayeandika.
Nilipofika jina la kumi na moja
umeme ukakatika mtaa mzima,
na watatu waliobaki wakakosa la kusema.

Saa kumi alfajiri, kidole mlangoni.
"Umeamka? Niangazie njia, twende kisimani."
Simu ilikuwa na asilimia tisa.
Nikazima majina, nikawasha tochi.
Mwanga ukaangukia kwanza miguu yake,
kisha mkono, kiwiko, kiganja,
kisha kidumu cha manjano, chote,
hadi mpini uliofungwa kwa kamba,
hadi ufa wake mdogo chini
alioziba kwa sabuni.